Kabla Hujatoa Damu Kupimwa Fangasi

Kuna karatasi ya maabara ambayo wanawake wa Kitale na Bungoma wamenionyesha zaidi ya mara moja, na kila mara imefanana na ile ya kwanza. Juu pana jina la maabara na muhuri. Katikati pameandikwa Candida, mbele yake herufi IgG, pengine na IgM, halafu neno pozitivu kwa kalamu ya buluu, limepigiwa mstari. Pamoja na karatasi hiyo huja gharama: vidonge vya wiki kadhaa, unga wa mitishamba wa kusafisha damu, na amri ya kuacha ugali, mkate, mandazi na sukari mpaka damu itakate. Mwenye karatasi huwa amechoka kuwashwa, amechoka kununua dawa, na pesa za kipimo pengine amezikopa kwenye chama. Anachotaka kujua ni kama kweli hiyo fangasi imeingia kwenye damu.

Nimjibu hapa, pamoja na wengine walio njiani kwenda kutoa damu hiyo. Kipimo cha kingamwili za kandida hakiwezi kumwambia mwanamke anayewashwa ukeni kama ana fangasi au hana. Hakiwezi pia kumwambia mtu mwenye uchovu, tumbo la gesi au kichwa kinachouma kwamba kandida ndiyo chanzo. Pesa hizo zingemfaa zaidi kama angepimwa mahali penyewe panapomsumbua.

Kandida ni aina ya hamira, yaani fangasi wa chembe moja moja, na makazi yake ni sisi wenyewe. Hukaa mdomoni, tumboni, kwenye ngozi na ukeni bila kumsumbua mtu. Ukiwapima ukeni wanawake wasio na dalili yoyote, asilimia 10 hadi 20 utaikuta kwao. Mwili wako umefahamiana nayo tangu ulipokuwa unanyonya, na kila mwili unapofahamiana na kijidudu hutengeneza kingamwili dhidi yake, nazo hubaki kwenye damu kwa miezi au miaka. Ni kama kitabu cha wageni pale langoni ambacho kila anayeingia anaandika jina, lakini hakuna anayeandika saa ya kutoka. Ukikifungua utajua nani aliwahi kupita. Hutajua nani yumo ndani leo, wala kama aliyemo ana ugomvi na mwenye nyumba. Kwa hiyo pozitivu ile ya kalamu ya buluu inasema tu kwamba wewe ni binadamu na kinga yako inafanya kazi.

Hata jibu la pili, lile la kukosekana, halikusaidii. Fangasi ya ukeni hukaa juu juu kwenye ngozi laini ya ndani. Haichimbi mpaka kwenye mishipa ya damu. Mwanamke anaweza kuwa anawashwa kiasi cha kushindwa kulala na kingamwili zake zisiwe zimepanda hata kidogo. Kipimo ambacho mgonjwa anaweza kukikosa na mzima akakipata kitawatenganishaje?

Kuna watu ambao kandida huingia kwenye damu yao kwelikweli. Ni wale waliolazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi wakiwa na mpira kwenye mshipa mkubwa, watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wagonjwa wa saratani ambao dawa zimeshusha kinga yao, na waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo. Hao wana homa isiyoshuka na hali yao ni ya hatari. Kwao, damu huchukuliwa ikaoteshwa maabara mpaka hamira yenyewe ionekane. Katika baadhi ya hospitali za Ulaya, kingamwili hupimwa pia, ila pamoja na vipande vya ukuta wa kandida, kama ushahidi wa nyongeza kwa wagonjwa hao mahututi tu. Mtu aliyepanda matatu Kiminini akashuka Kitale kwa miguu yake mwenyewe, akapanga foleni na kulipa, hana ugonjwa huo.

Wazo la kwamba uchovu wote ni hamira iliyojificha mwilini lina historia yake. Mwaka 1983 madaktari wawili wa Marekani, Orian Truss na William Crook, walitoa vitabu, cha Crook kikiitwa The Yeast Connection, wakidai kwamba kandida inayokua kupita kiasi tumboni husababisha huzuni, maumivu ya viungo, kusahau na mengine mengi. Vitabu viliuzwa sana, na baada yake vikaja vipimo vya kingamwili na mlo wa kukataza sukari na hamira. Mwaka 1986 chama cha wataalamu wa mzio na kinga cha Marekani kilitamka kwamba dhana hiyo haijathibitishwa. Kisha mwaka 1990 William Dismukes na wenzake wa Alabama walichapisha jaribio katika New England Journal of Medicine. Waliwachukua wanawake 42 waliosemekana kuwa na ugonjwa huo, wakawapa dawa ya fangasi iitwayo nistatini kwa kipindi kimoja na vidonge visivyo na dawa kwa kipindi kingine, bila wao kujua ni kipi. Dawa ilipunguza kuwashwa ukeni, kama ilivyotarajiwa. Uchovu, huzuni na dalili nyingine za mwili mzima hazikupungua kwa dawa kuliko zilivyopungua kwa vidonge vitupu. Wazo lililoshindwa katika jaribio la 1990 ndilo linalouzwa kwetu leo kama ugunduzi mpya.

Sisi wa Trans Nzoia na Bungoma tulipaswa kuwa wa kwanza kushtuka, maana mchezo huu tunaujua. Mtu akiingia maabara ya mtaani na homa, uchovu na kichwa, anatoka na jibu lile lile: taifodi na brusela. Kipimo cha taifodi kinachotumika, Widal, kilibuniwa Ufaransa mwaka 1896 na Fernand Widal, nacho hupima kingamwili. Mtu aliyewahi kuugua taifodi miaka iliyopita, au aliyekutana na vijidudu vinavyofanana nayo kwenye maji, anaweza kuonekana nayo leo wakati homa yake ni ya malaria au mafua. Kuhusu brusela, watafiti walichapisha mwaka 2017 matokeo ya kupima upya wagonjwa wa vituo vya afya hapa Kenya. Kipimo cha haraka kilichozoeleka kilikuwa kimewatangaza karibu mtu mmoja kati ya watano kuwa na brusela. Walipopimwa kwa njia iliyo bora, ile ya Rose Bengal, waliobaki walikuwa kama mmoja kati ya mia. Wengine wote wangeandikiwa dawa kali za wiki kadhaa bure.

Na dawa hizo ndizo zinazotuleta kwenye fangasi. Ukeni kuna bakteria wema wanaotengeneza asidi inayoizuia kandida isiongezeke. Antibiotiki uliyomeza kwa taifodi usiyokuwa nayo haichagui, inawaua na hao. Kandida inabaki na uwanja wazi, na baada ya muda mfupi mwanamke anaanza kuwashwa. Anarudi maabara, safari hii anatolewa damu ya kandida, anapewa dawa nyingine. Nimeona wanawake waliozunguka duara hilo zaidi ya mwaka mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuombwa apande kitandani aangaliwe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa. Basi ukiambiwa una taifodi kwa Widal peke yake, uliza kama damu yako inaweza kuoteshwa kabla ya kumeza chochote. Taifodi ipo, na brusela ipo kwa wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa na wanaozalisha ng'ombe kwa mikono mitupu, lakini haiwezekani kila homa ya Moi's Bridge hadi Chwele iwe hizo mbili.

Nisieleweke vibaya kwamba kila kipimo cha kingamwili ni cha uongo. Kipimo cha virusi vya Ukimwi kinachofanywa kwa tone la damu ya kidole hutafuta kingamwili pia, na ni miongoni mwa vipimo vya kuaminika zaidi tulivyo navyo. Tofauti ni kwamba hakuna mtu mzima anayeishi na virusi hivyo kama mkazi wa kawaida, na vikiingia havitoki. Aliyewahi kuambukizwa ndiye aliye navyo. Kwa kandida, sote tumekutana nayo.

Sasa kipimo chenyewe kinachofaa. Afisa wa kliniki au muuguzi anakuomba ulale kitandani nyuma ya pazia, anatumia chombo cha kupanulia ukeni ili aone kuta za ndani na mlango wa kizazi, na anachukua ute kwa pamba ya kijiti. Hakuna sindano. Anagusisha ute kwenye kipande cha karatasi kinachobadilika rangi kwa asidi. Kwenye fangasi asidi ya uke kwa kawaida hubaki ilivyo, kipimo chini ya 4.5. Kipimo hicho kikipanda juu ya hapo, uwezekano mkubwa ni kwamba tatizo ni lingine. Ute unaobaki hupakwa kwenye vioo viwili. Kimoja huwekwa tone la maji ya chumvi, cha pili tone la hidroksidi ya potasiamu ambayo huyeyusha chembe za ngozi na kuacha fangasi peke yake. Chini ya darubini, kandida huonekana kama vidonge vidogo vya mviringo, vingine vimechipuza kitoto ubavuni, na kati yake nyuzi ndefu zilizounganika kama fundo kwa fundo. Kwenye kioo cha maji ya chumvi, kijidudu cha trikomonasi kikiwapo utakiona kikirukaruka kwa mikia yake. Kazi hii huchukua dakika chache, na darubini inayofanya kazi hiyo ni ile ile inayopima malaria, kwa hiyo maabara yenye kuangalia malaria kwa darubini haina kisingizio kikubwa.

Darubini nayo hukosa wakati mwingine. Kama dalili zote zipo na kioo hakionyeshi kitu, au kama fangasi inarudi kila mara, sampuli ioteshwe ili ijulikane ni kandida ya aina gani, kwa sababu zipo aina zisizosikia dawa ya kawaida. Huduma hiyo uiulizie kwenye hospitali kubwa, ile ya kaunti au ile ya Moi kule Eldoret. Na kwenye zahanati isiyo na darubini, muuguzi akikuuliza maswali kwa utulivu, akakuangalia, akakutibu kwa kufuata dalili, hajakudharau. Huo ni utaratibu unaokubalika kitaifa na kimataifa, na una maana kuliko damu ya kingamwili.

Kwa nini nasisitiza kuangaliwa? Kwa sababu sisi wenyewe hukosea sana tunapojipima kwa hisia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, watafiti wa Marekani waliwapima wanawake 95 waliokuwa wakinunua dawa ya fangasi dukani wakiamini wana fangasi. Takriban theluthi moja tu ndio waliokuwa nayo. Wengine walikuwa na bakteria waliozidi ukeni, wengine trikomonasi, wengine mchanganyiko, na wengine hawakuwa na maambukizi yoyote. Hao walikuwa wanawake wenye maduka ya dawa kila kona.

Tofauti zenyewe mwanamke anaweza kuanza kuziona, ingawa zisimfanye daktari. Fangasi huwasha sana, huchoma wakati wa kukojoa, na uchafu wake ni mweupe, mzito kama maziwa yaliyoganda, bila harufu kali. Bakteria waliozidi huleta maji ya kijivu yenye harufu ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, na mara nyingi hayawashi. Hawa hutibiwa kwa metronidazoli. Dawa ya fangasi hata ukiimaliza boksi zima haiwagusi. Trikomonasi huleta uchafu wa manjano au kijani wenye povu, na hapo mume au mwenzi lazima atibiwe pia, la sivyo ugonjwa utarudi. Fangasi kwa kawaida haihitaji kumtibu mume asiye na dalili. Na mara nyingine kinachowasha ni sabuni. Nawaomba dada zangu: uke haujaumbwa kuoshwa ndani, si kwa sabuni ya kipande, si kwa dawa ya kuulia wadudu, si kwa maji ya ndimu wala kitunguu saumu. Vyote hivyo hubabua ngozi laini na kuwafukuza wale bakteria wema. Nje osha kwa maji tu.

Ikithibitika ni fangasi, tiba ya kawaida ni fupi na ya bei nafuu: vidonge vya klotrimazoli vya kuingizwa ukeni usiku, au kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150 cha kumeza. Mjamzito asimeze flukonazoli bila daktari. Yeye hupewa ile ya kuingiza, kwa siku saba. Anayetumia dawa nyingine za kila siku, mathalani za kuzuia damu kuganda au za kifafa, aseme kabla ya kumeza, maana flukonazoli hugongana na dawa nyingi. Ukiona mtu anakuandikia flukonazoli ya kila siku kwa wiki nyingi kwa sababu ya karatasi ya kingamwili, simama hapo. Dawa hiyo hupita kwenye ini, na matumizi ya ovyo huifunza kandida kuishinda.

Ugali endelea kula. Kandida haitoki kwenye unga wa mahindi, wala hamira ya mandazi si kandida. Ni jamii nyingine ya fangasi, nayo hufa kwenye mafuta ya moto. Nimesikitika kuona mama anayenyonyesha ananyimwa chakula kikuu cha nyumba yake kwa ajili ya kipimo kisichopima kitu. Sukari ina habari yake ambayo nitaieleza, lakini ni sukari iliyo kwenye damu.

Wanawake wengi, karibu watatu kati ya wanne, hupata fangasi ya ukeni angalau mara moja maishani, na kwa walio wengi hiyo haina maana kubwa zaidi ya usumbufu. Ikikurudia mara tatu au zaidi ndani ya mwaka, ndipo damu yako inapohitaji kutolewa, ila kwa maswali mengine kabisa. La kwanza ni sukari. Kisukari ambacho hakijagunduliwa hulisha kandida kwenye mkojo na kwenye ngozi, na kuna watu waliogundua kisukari chao kwa sababu ya fangasi isiyokwisha, wanaume wakiwemo, ambao kwao huwa ni wekundu na upele kwenye kichwa cha uume. La pili ni virusi vya Ukimwi. Utando mweupe mdomoni mwa mtu mzima, hasa ukimfanya ashindwe kumeza, usitibiwe kwa mswaki wala asali. Huyo apimwe siku hiyo hiyo. Vipimo hivi viwili hufanyika kwa tone la kidole, na cha Ukimwi katika vituo vya serikali hulipi. Vyote viwili ni vya bei ndogo kuliko kingamwili za kandida, na majibu yake yanaweza kukuongezea miaka ya kuishi.

La tatu halihitaji damu. Mwanamke mwenye uchafu wenye harufu mbaya usiokwisha, au anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, aangaliwe mlango wa kizazi kabla ya kupewa dawa yoyote ya fangasi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi kuliko saratani nyingine yoyote hapa Kenya, na ikiwahiwa inatibika. Kila boksi la dawa ya fangasi analopewa mwanamke huyo kwa karatasi tu, bila kuangaliwa, ni wiki nyingine inayompita. Kuanzia miaka 25 omba kipimo cha saratani hiyo hata kama huna dalili.

Kuna pia kipimo kimoja cha damu cha hamira ambacho ningependa kila familia yenye mgonjwa wa Ukimwi ikijue kwa jina, kwa sababu kinastahili heshima ambayo kile kingine kinaiba. Kinaitwa CrAg. Kinatafuta kriptokoka, hamira inayoishi kwenye udongo na kinyesi cha ndege, ambayo huvutwa kwa pumzi na, kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, hupanda mpaka kwenye utando wa ubongo na kuua. CrAg haitafuti kingamwili. Inatafuta antijeni, yaani kipande cha ganda la hamira yenyewe kinachoelea kwenye damu. Kikionekana, ujue hamira ipo sasa hivi. Jibu hutoka kwa dakika kama kumi kwenye kijiti kinachofanana na cha kupima mimba. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kipande hicho huanza kuonekana kwenye damu siku takriban 22 kabla ya kichwa kuanza kuuma, yaani kuna wiki kadhaa za kumwahi mgonjwa kwa dawa, na flukonazoli hapo ndipo mahali pake. Mwaka 2015 Sayoki Mfinanga na wenzake walichapisha matokeo ya Dar es Salaam na Lusaka: wagonjwa waliokuja na kinga iliyoshuka, wakapimwa CrAg na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo za dawa, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 28 wakilinganishwa na waliohudumiwa kama kawaida. Mwongozo wa Kenya unataka CrAg kwa mtu mzima ambaye CD4 yake, yaani hesabu ya chembe za kinga, ni 200 au chini anapoanza matibabu. Kwa hiyo ukimsindikiza ndugu yako kliniki ya Ukimwi Kitale, Webuye au Bungoma, na CD4 imekuja chini, uliza kwa adabu, «Daktari, CrAg yake imepimwa?» Na kama mtu huyo ana kichwa kinachozidi siku hadi siku, shingo imekakamaa au macho yanaona mbili mbili, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Mpeleke hospitali usiku huo.

Narudi kwa yule anayeambiwa atoe damu ya kandida. Usigombane na mtu wa maabara. Muulize maswali mawili, kwa sauti ya kawaida. La kwanza: «Daktari, watu wasio wagonjwa wakipimwa hivi, wangapi huonekana nayo?» La pili: «Jibu likija, dawa utakayonipa itabadilika?» Akikwambia kwamba dawa ni ile ile vyovyote jibu litakavyokuwa, umeshajua kipimo hicho ni cha nini. Angalia pia ukutani. Maabara inatakiwa kuwa na leseni ya bodi ya wataalamu wa maabara, KMLTTB, ya mwaka huu, na anayekutoa damu awe na yake. Mashine ya kushika kijiti cha chuma mkononi ikachapisha kurasa za magonjwa, pamoja na mbinu ya kutema mate kwenye glasi ya maji alfajiri na kuangalia kama yanazama, hazipimi kandida wala chochote kingine. Ukikutana nazo, ondoka.

Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ukiwa umejiandikisha na mamlaka ya afya ya jamii, SHA, uliza pale ni huduma zipi hulipii. Nenda siku ambayo huna hedhi. Siku mbili kabla usiingize chochote ukeni, hata dawa, na asubuhi hiyo osha nje tu kwa maji. Kama ni mjamzito, au una homa, maumivu chini ya kitovu au kidonda, sema hayo kwanza kabla ya kutaja kuwashwa, maana yanabadilisha kila kitu. Beba karatasi zote ulizowahi kupewa na maganda ya dawa ulizomeza, hata zile za taifodi, uziweke mezani. Ukiona aibu kumwambia tabibu mwanaume, omba muuguzi mwanamke. Ni haki yako, na kwenye kliniki ya akina mama hakuna atakayekushangaa. Na ukishatoka na dawa, imalize, kisha hesabu siku: dalili zisipokuwa zimepungua kufikia siku ya saba, rudi kwa yule yule aliyekuangalia ukamwombe sampuli ioteshwe.